Chombo cha Mkwe Hakirudi Kitupu

Shangazi yangu mpendwa,

Najua barua haifiki ulipo. Nimeiandika hata hivyo, na sitaifunga. Nitaiacha wazi, mwenye macho aisome, kwa sababu ninayotaka kukueleza hayakufanyika gizani. Yalifanyika mchana, mbele ya watu, na watu wakayaona ni ya haki. Mimi yananitia kichefuchefu. Nimetafuta neno la adabu zaidi kuliko hilo, nimelikosa.

Unanijua mimi si msemaji. Ulikuwa ukinitania: "Namsifu, hata kuku wa mama yangu ana sauti kukuzidi." Nami nilikuwa nacheka huku nimeziba mdomo, kwa kuwa hata kicheko changu kilikuwa kinanionea haya. Sasa nimemaliza shule ya misheni, nimerudi kwetu Mhezi, mlimani, nafua, napika, nachota maji. Kalamu ndiyo inayosema badala yangu.

Naikumbuka safari ya kushuka kuja kwako Same. Tulikuwa tunaondoka huku ukungu umelala juu ya migomba, mimi na wanawake wa kwetu, maharage vichwani, magoti yanauma kwa mteremko. Joto lilitupokea njiani kabla hatujafika. Halafu tambarare inafunguka, reli inaonekana, na karibu na stesheni maduka mawili yanatazamana: la Kanji, Mhindi, na lenu, wewe na mume wako Salim, Mwarabu wa Kishihiri. La Kanji lilikuwa na rafu mpaka kwenye dari, na kiti kimoja barazani ambacho mwanamke wa mlimani hakukikalia kamwe. Lenu lilinukia mafuta ya taa, tende na ngozi mbichi zilizowambwa uani. Ulikuwa unakaa nyuma juu ya mkeka, unakaanga maandazi, ukiniona unasema, "Njoo, mwanangu, kula kabla wale hawajaingia."

Wale. Shangazi, sikuelewa siku zile kwa nini uliwaita hivyo.

Desturi yetu ya ukwe unaijua kuliko mimi, lakini naiandika kwa ajili ya atakayesoma. Kwetu mkwe mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawazungumzi. Mama mkwe akipungukiwa na kitu hatumi maneno, anatuma chombo kitupu kwa mkono wa mtoto, na yeye mwenyewe, kama yupo karibu, anageuka na kujifunika kanga kichwani. Chombo cha mkwe hakirudi kitupu. Ndivyo tunavyosema. Naye mama mkwe, mavuno yakifika, anajaza kikapu na kukipeleka kwa binti yake, wala hapimi. Bibi alifanya hivyo kila msimu. Nimebeba vile vikapu kwa kichwa changu: maharage, ndizi, mara moja jogoo aliyenikwaruza shingo njia nzima.

Lakini bibi alikuwa mmoja. Siku za soko mbele ya duka lenu walisimama wengi, wote wamegeuka, wote wamejifunika, na watoto wanaingia dukani na vibuyu, na makopo, na sufuria. Dada za bibi. Wake wenza wa dada za bibi. Jirani wa wake wenza. Wote walikuwa mama wakwe wa Salim, na wote walipungukiwa na chumvi siku moja.

Nakumbuka ulivyomvuta mume wako mkono. "Salim, yule wa mwisho si mama yangu. Simjui hata jina."

"Ana mgongo wa mama mkwe," akasema, huku anachota. "Mimi nimekatazwa kutazama uso. Nitajuaje?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Namsifu, hebu niambie wewe uliyesoma, mimi nimezaliwa na mama wangapi?"

Tulicheka sote watatu. Nikikumbuka kicheko kile leo nafurahi kwa muda mfupi tu, kisha nachukia.

Shuleni, mwaka wangu wa mwisho, mwalimu alitupa mdahalo. Aliandika ubaoni: kwa nini Wahindi wa Same wamefanikiwa na Waarabu hawakufanikiwa, hali wote ni wageni waliokuja kwa biashara? Wasichana waliinua mikono kama mtama uliostawi. Mmoja akasema Mhindi anaamka mapema, Mwarabu anaamkia kahawa. Mwingine akasema Mhindi anaweka akiba, Mwarabu anaoa. Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwingine akasema Mhindi ana akili ya hesabu kwenye damu. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akafunga: "Mnaona? Utajiri ni tabia."

Nilikaa na mikono mapajani. Nilijua kwamba mume wako anafungua mlango wake kabla ya Kanji, maana nimelala kwenu nikasikia komeo. Nilijua anakwenda kwa miguu mpaka kwa Wamasai kutafuta ngozi, anarudi midomo imepasuka. Nilijua kuhusu vibuyu. Wasichana watatu katika darasa lile mama zao walikuwa miongoni mwa migongo ile ya mbele ya duka lenu. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Na nyumbani ilikuwa vilevile. Kaka yako, baba yangu, mzee wa kanisa, alikuwa akimaliza kuomba baraka ya chakula, anaanza. "Mtazameni Kanji. Alishuka kwenye gari moshi na sanduku moja. Salim naye alishuka na sanduku moja. Leo Kanji ana bati jipya, mtoto wake anasoma Tanga. Salim ana nini? Paa linavuja." Kisha anaomba chumvi aongeze kwenye makande, na mama anampa, na chumvi ile imetoka wapi? Shangazi, imetoka wapi?

Hakuna aliyeuliza.

Ulipougua, nilikuwa shuleni. Uliponiacha, walikuja kunichukua nikakukuta umekwisha kuzikwa, kwa sababu Waislamu hawachelewi. Nilisimama kaburini pale Same katika vumbi, nikamwona Zuhura wako ameshika kanzu ya baba yake kwa mikono miwili. Ana miaka tisa na ana macho yako. Baada ya miezi michache duka likafungwa. Kanji akanunua mizani na rafu.

Siku moja mama akanituma Same kununua chumvi. Kununua, shangazi. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilikwenda kutafuta chumvi na senti mkononi. Niliingia kwa Kanji. Nikaiona mizani yenu juu ya meza yake, nikaitazama mno, naye akaniona.

"Wewe ni wa Mhezi," akasema. "Wa nyumba ya mke wa Salim. Pole, binti."

"Asante," nikasema, na ilitosha kabisa, lakini sijui nini kilinisukuma. "Baba anasema wewe una akili kuliko Salim."

Kanji aliacha kupima. Ni mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. "Akili? Salim anajua ngozi kuliko mimi. Anasema Kipare, anasema Kimasai. Mimi mtu akiniambia 'habari ya asubuhi' kwa Kipare nadhani ananitukana." Akacheka kidogo, bila furaha. "Binti, sikiliza. Mkwe wangu mimi yuko Tanga, ana ghala. Mkwe wa Salim yuko mlimani, ana kibuyu. Nzige walipokula shamba zenu, hapa hakuna aliyenunua hata sindano. Mkwe wangu akaniletea mzigo kwa gari moshi, akasema uza taratibu. Salim mwaka ule aliletewa nini? Vibuyu. Kwangu watu wanakuja na nyuso. Kwake walikuja na migongo."

"Wewe ungeweza kuwakataza?"

"Mimi hakuna mtu wa kwenu anayeniita mkwe. Wala haiwezekani. Ningeoa mlimani, jamaa zangu wangenifungia ghala siku hiyo hiyo. Hiyo nayo ni bei, watu hawaioni."

Nikaonyesha mizani kwa kidole. "Na hiyo?"

"Nilimlipa bei ya siku ile."

"Ilikuwa bei mbaya."

"Ndiyo," akasema Kanji, akanifungia chumvi yangu, kamili, wala chembe ya ziada.

Sikumpenda. Lakini njia nzima ya kupanda niliona kwamba katika maneno machache ya mtu nisiyempenda nimepata ukweli ambao mwalimu wangu hakuwa nao na baba yangu hakuutaka. Mmoja alikuwa na ndugu waliomsukuma juu. Mwingine alikuwa na ndugu waliomning'inia miguuni, kisha wakasimama pembeni wakamcheka kwamba hapandi. Na ndugu hao ni sisi.

Sasa nikueleze ya Zuhura, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mume wako alipanda Mhezi na mtoto siku ya Jumapili, baada ya ibada. Kanzu yake ilikuwa safi, imeshonwa begani kwa uzi wa rangi nyingine. Hakuleta kitu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anakuja kwetu mikono mitupu, na niliona wanawake uani wanavyoitazama mikono ile kabla ya kukumbuka kugeuka.

Wazee walikaa. Baba ndiye aliyeongoza. Salim alisema maneno machache: duka limefungwa, hana mwanamke wa kumlelea mtoto, anaomba kona tu katika migomba ya mama mkwe wake, ajenge kibanda, auze sindano na viberiti hapa hapa mlimani, Zuhura akue karibu na bibi yake.

"Salim, wewe ni mtu mwema," baba akaanza, nami nikajua mambo yameharibika.

Mzee mmoja akakohoa. "Wema ni wema. Lakini Mwarabu hana ukoo hapa. Ukimpa kona, kesho ataita mwenzake."

"Nina miaka mingapi Same?" Salim akauliza. "Nimemwita nani?"

"Halafu Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, hataki wageni wajenge mlimani," baba akasema. "Ni sheria ya serikali."

"Mmemuuliza Bwana Shauri?"

"Sheria haiulizwi."

"Mbona Mhindi haombi kona?" akasema mwingine, na hapo wakacheka. "Mmeona Kanji amekuja kuomba migomba? Wageni ni wageni, lakini kuna wageni na wageni!"

Na kutoka upande wa wanawake, shangazi, bibi mdogo, yule mke wa ndugu wa babu, aliyekuwa na kibuyu kikubwa kuliko vyote, akasema kwa sauti tamu, mgongo umegeuka: "Mkwe wetu alikuwa mkarimu mno. Ndilo kosa lake."



"Kwa hiyo kona hakuna," Salim akasema. "Basi. Zuhura, twende."

"Ngoja," baba akasema. "Mtoto ni jambo lingine."

Wakalitoa, polepole, kama watu wanaomtoa mbuzi zizini. Mahari yako, shangazi, haikukamilika. Ilibaki mtamba mmoja na pombe ya wajomba. Na kwa desturi, mahari isipokamilika, mtoto ni wa nyumba ya mama yake. Zuhura atabaki hapa mpaka Salim amalize.

Salim aliwatazama mmoja mmoja. "Pombe? Ninyi wazee wa kanisa, mnanidai pombe? Na mimi Mwislamu niipike?"

Mmoja alishindwa kujizuia akacheka. Baba hakucheka. "Si pombe yenyewe," akasema. "Ni haki ya pombe."

Nisingeamini kama nisingesikia kwa masikio yangu. Kona ya migomba alinyimwa kwa kuwa ni mgeni. Mtoto alinyang'anywa kwa kuwa ni mkwe. Katika kikao kimoja, na watu walewale. Na mzee aliyekuwa karibu na mlango wa jikoni akamnong'oneza mwenzake, "Anakua vizuri huyu. Hakosi mchumba mwenye ng'ombe." Zuhura alikuwa anacheza na uzi wa gauni lake. Miaka tisa.

Nilikimbilia jikoni. Bibi alikuwa ameketi karibu na chungu cha makande, amesikia yote, ukuta wetu ni udongo tu.

"Bibi, ingia uwaambie. Wewe ndiye mama yake shangazi. Sema mahari uliipata."

"Mkwe wangu yumo," akasema. "Nitasimamaje mbele yake?"

"Wanamchukua Zuhura kwa jina lako!"

"Nitasimamaje mbele yake, Namsifu?" Na machozi yalikuwa yanamtoka. Wewe ungemwonea huruma. Mimi sikumwonea. Nilimchukia bibi yangu, na nilichukia desturi iliyomfanya akae kimya kwa heshima huku wengine wanaitumia kuiba.

Makande yalikuwa yameiva. Kilichobaki ni kutia chumvi. Nikachukua kibuyu cha chumvi, nikakifungua, nikakitazama. Nikakirudisha chini. Bibi aliniona. Akanyoosha mkono, akakifunika kibuyu kile kwa kiganja chake, akakaa hivyo.

Nikapakua. Nikawapelekea.

Walikula vijiko viwili vitatu kabla mtu hajasema. Kila mmoja alidhani ni mdomo wake. Halafu baba akainua kichwa. "Namsifu, makande haya hayana chumvi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Duka limefungwa, baba."

Niliona neno linavyoingia, kwa huyu kwanza, kisha kwa yule. Bibi mdogo uani alivuta kanga mpaka puani. Salim aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia.

"Shule hizi!" mzee mmoja akasema. "Tulisema sisi."

"Toka hapa," baba akaniambia.

Nikatoka. Na unajua kilichofuata? Waliyala makande yote. Bila chumvi, mpaka chungu kikalia. Kisha wakaamua vilevile walivyokuwa wameamua. Salim akateremka peke yake, na Zuhura akashikwa na wanawake wawili mpaka alipochoka kupiga kelele.

Alilala nami. Kila asubuhi alikaa juu ya jiwe penye njia ya kuteremkia, akitazama chini, na mtu akimpita akimwambia "Hujambo, mchumba wetu," alikuwa anaitika "Sijambo" kwa sababu wewe ulimfundisha adabu. Nilivumilia hali hiyo mpaka Alhamisi ya soko. Alhamisi nikamvika gauni, nikajitwika maharage, nikamshika mkono.

Hatukujificha. Nilitaka kujificha, tabia yangu ni kujificha, lakini njia ni moja na watu ni wengi.

"Mnakwenda wapi?" akauliza bibi mdogo, aliyekuwa mbele yetu na mzigo wake.

"Sokoni," nikasema.

"Na mtoto?"

"Naye anakwenda sokoni."

Alitaka kuuliza zaidi. Lakini jua lilikuwa linapanda na bei ya maharage inashuka, akaona afadhali awahi.

Tulimkuta Salim nje ya stesheni na birika la kahawa na jiko la makaa. Anauza kikombe kimoja kimoja kwa abiria na wapagazi, anagonganisha vikombe mkononi ili watu wasikie. Ngozi, chumvi, tende, kaniki, yote yamekwisha, limebaki birika. Na mbele ya birika lile, shangazi, nilikuta migongo miwili. Wanawake wa kwetu, wamegeuka, wamejifunika. Na mtoto amesimama mbele ya Salim ameinua kikombe kitupu.

Naye Salim alikuwa anamimina.

Nilimwachia Zuhura mkono, nikaenda nyuma ya stesheni, nikatapika.

Niliporudi Zuhura alikuwa amejibana kwa baba yake, hasemi, amefumba macho. Salim alikuwa anamshika kichwa kama mtu anayehakikisha kitu hakijavunjika. Akaniambia wana mahali pa kulala: Kanji amempangisha chumba nyuma ya ghala lake. Kwa kodi, si bure, na mwisho wa mwezi hakuna maneno. Mjane mmoja wa Kishihiri jirani atamtazama mtoto mchana. Nilimsikiliza nikawaza kwamba ile kodi ya Kanji ina heshima kuliko "mkwe, habari ya siku nyingi."

Akanimiminia kahawa. Nikanywa. Nikatoa senti kumi, nikaiweka karibu na jiko.

"Nini hii?"

"Bei ya kahawa, Baba Zuhura."

Uso wake ulibadilika kuliko ulivyobadilika kwenye kikao. "Namsifu. Mke wangu amekufa. Duka limekufa. Sasa unataka na undugu ufe?"

"Ndugu ndio waliolila duka lako."

"Najua waliolila. Nilikuwa nawapimia kwa mkono wangu huu. Unadhani sikuona?" Akazima kaa lililoruka, kwa kidole. "Kanji anakuja mahali, jamaa zake wameshafika kabla yake. Mimi nilishuka hapa, hakuna aliyejua jina la mama yangu. Nilikuwa nanunua ndugu, mwanangu. Kwa chumvi. Nikasema nikiwa na ndugu mlima mzima, siku nikianguka..." Akacheka kidogo. "Mzigo ulikuwa mbovu, basi. Mfanyabiashara gani hajawahi kupata mzigo mbovu?"

"Na hawa wawili wa leo?"

"Hawa? Kahawa ikipoa haina bei." Akaisukuma senti yangu kwa ukucha mpaka ikanifikia. "Chukua. Wewe ni mzigo mzuri. Usiniharibie."

Nikaichukua. Sijui kama nilifanya sawa. Nina hasira naye pia, nakuambia kweli. Nina hasira na upole ule usiokwisha, na wewe uliyeucheka badala ya kuufungia mlango. Halafu nakumbuka tende ulizonifichia, nashindwa kuendelea na hasira.

Nilipanda Mhezi peke yangu. Baba alikuwa amesimama penye njia. Akauliza Zuhura yuko wapi. Nikasema, kwa baba yake. Hakunipiga. Alisema nimemwaibisha mbele ya ukoo, na kwamba jambo litafika baraza la chifu, na mimi nitaitwa kama mwizi wa mtoto. Tangu siku hiyo napikiwa kando na sisemeshwi, isipokuwa na bibi, ambaye usiku anakuja kuniwekea mkono mgongoni, kisha anaondoka bila neno.

Wataniuliza barazani kwa nini nilifanya. Wanategemea nitanyamaza, maana ndivyo nilivyokuwa siku zote. Lakini nimekaa na jambo hili mpaka nimelijua. Sitawaeleza kwa nini Mhindi ni tajiri na Mwarabu ni maskini, hilo wameshajijibu, na wanalipenda jibu lao. Nitawataja. Watakuwa wamekaa mbele yangu na nyuso zao zote, na mimi nitasema jina la kila mgongo niliouona pale Same, kuanzia bibi mdogo, na nitasema ni chombo gani alichotuma na kilirudi na nini. Niliwabebea vingi, nawakumbuka. Nikifika kwenye chumvi ya nyumba yetu nitamtaja na baba.

Nitatetemeka, najua. Kama sauti itakuwa ndogo, watalazimika kunyamaza ili waisikie.

Lala salama, shangazi. Mtoto wako amelala kwa baba yake.

Mtoto wa kaka yako,
Namsifu